Chaneli mbili safi: kadi ya sauti kwa msikilizaji wa Fizi

Mwaka 1948 kampuni ya Ngoma ilianza kutoa santuri Léopoldville (Kinshasa ya leo), na mwaka huohuo mwimbaji Wendo Kolosoy akavuma kwa rumba yake "Marie-Louise". Santuri hizo zilikuwa na chaneli moja tu ya sauti. Fizi, mashariki mwa Kongo, iko mbali na Léopoldville, lakini Ziwa Tanganyika linaiunganisha na Kigoma na Ujiji za Tanzania, na rumba ilivuka hata upande huo: mwanamuziki Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alihamia Dar es Salaam mwaka 1978. Kufikia wakati huo bendi za Kongo zilikuwa zimekwisha kugawana kazi kati ya gitaa la solo, la mi-solo na la ritimu. Muziki wa namna hiyo ndio unaohitaji stereo hasa, kwa kuwa kila gitaa hupata mahali pake kati ya spika mbili, na sikio huweza kulifuata bila kulichanganya na jingine. Anayetafuta kadi ya sauti kwa ajili ya muziki huu atafute chaneli mbili safi kwanza. Wingi wa chaneli haumsaidii.

Historia ya kadi zenyewe inathibitisha jambo hilo. Sound Blaster ya kwanza, iliyotolewa na Creative ya Singapore mwaka 1989, ilikuwa ya biti 8 na chaneli moja, kama zilivyoanza santuri. Sound Blaster Pro ya mwaka 1991 ilileta stereo, na Sound Blaster 16 ya mwaka 1992 ikafikia kipimo cha CD: biti 16 na kilohezi 44.1. Kipimo hicho kinatosha kusikilizia, maana kilohezi 44.1 hubeba sauti hadi nusu yake, na sikio la binadamu halisikii zaidi ya kilohezi 20 hivi. Kilichofuata kilikuwa kubana gharama. Mwaka 1997 Intel ilitoa kanuni za AC'97, na sauti ikahamia kwenye chipu ndogo juu ya bodi kuu, jirani na prosesa na saketi nyingine zinazotoa kelele za umeme. Watengenezaji wakatangaza chaneli sita, kisha nane, huku mvumo hafifu ukiendelea kusikika pale gitaa linaponyamaza.

Wapo watakaosema kwamba nyimbo nyingi zinazozunguka kwenye simu na memori kadi ni MP3 zilizobanwa mno, hivyo kadi bora haina faida. Ni kweli kwamba hakuna kadi inayorudisha kilichokwisha kutupwa. Faili nzuri hutangulia kadi nzuri. Lakini kadi mbovu huongeza hasara juu ya hasara. Wengine watasema kwamba rumba ya zamani ni ya chaneli moja, basi stereo ni bure. Hata wimbo wa chaneli moja hukaa katikati ya spika mbili pale tu chaneli za kadi zinapolingana kwa nguvu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hii ni anasa kwa eneo lililoona vita vya 1964 na 1965, vya 1996 na 1998, na ambalo wakimbizi wake walianza kurudishwa na UNHCR kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, mji wa Fizi, mwaka 2005. Mimi naona historia hiyo inaipa kadi uzito zaidi. Anayekimbia kwa mtumbwi habebi santuri wala kanda zake. Zilizosalia zinachakaa, na njia ya kuziokoa ni kuziingiza kwenye kompyuta kupitia kadi isiyozichafua.

Kwa hiyo, kwa nyumba ya Baraka inayotegemea jenereta au paneli za jua, chagua kadi ya nje ya USB, iliyo mbali na kelele za ndani ya kompyuta. Iwe na chaneli mbili, biti 24 kwa ajili ya kurekodi, uwiano wa sauti na kelele unaozidi desibeli 100, na tundu la kuingizia sauti ya kanda. Unaposikiliza kwa makini au kurekodi, tumia laptopu kwa betri yake ili kelele za jenereta zisipenye. Usilipie chaneli nane wala kilohezi 192. Na ukishaipata, anza na kanda za wazee wako kabla ya kununua nyimbo mpya, kwa maana nyimbo mpya zitaendelea kupatikana, lakini kanda ikiharibika hairudi.