MWALIMU NA NYUMBA YAKE
Historia ya safari za kazi, tangu mitaa ya Eastlands hadi nchi za Ghuba



Ni desturi ya kitabu chetu cha mwaka kutenga kurasa chache kwa ajili ya historia, baada ya hesabu za fedha na habari za misiba, ili vijana wajue walikotoka. Safari hii twapenda kuzungumza juu ya jambo lililoletwa kwetu na walimu vijana wa mitaa yetu. Wao wanataka kwenda kufundisha Kiingereza katika nchi za Ghuba, yaani Oman, Falme za Kiarabu, Qatar, Kuwait, Bahrein na Saudia. Tena wanataka kwenda pamoja na wenzi wao na watoto.

Wako wasemao kwamba jambo hili ni jipya kabisa, na kwamba wazee hawana la kushauri. Sivyo hata kidogo. Sisi wa Eastlands tu wana wa watu waliokwenda kufanya kazi ugenini, na swali linalowakabili vijana hawa ndilo lililowakabili baba zetu: Je, mwajiri amwita mtu peke yake, au amwita mtu pamoja na nyumba yake?

UGENI WA NAIROBI

Kwa baba zetu, ugenini palikuwa hapa hapa Nairobi. Pumwani ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Shauri Moyo ilipojengwa karibu na mwaka 1939, wakati Pangani ya zamani ilipobomolewa, Serikali ya kikoloni haikuwa na nia ya kuwapa Waafrika makao ya kudumu mjini. Walitakiwa waje, wafanye kazi, kisha warudi kwao. Mfanyakazi alivaa kipande shingoni, na ndani yake mwajiri alitia sahihi ya kumwandika na sahihi ya kumwachilia. Asiyeachiliwa kwa sahihi hakuweza kutafuta kazi nyingine pasipo kuogopa kushtakiwa.

Katika mitaa mingi ya Baraza la Mji mtu hakukodi nyumba, wala pengine hata chumba. Alikodi nafasi ya kitanda. Wanaume watatu au wanne walilala chumba kimoja. Mke alibaki rizavu akilima, na chakula alichokivuna ndicho kilichojaza pengo la mshahara wa mumewe. Mshahara wenyewe ulipimwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na mke. Mwalimu na karani, ingawa walivaa tai, hawakusalimika na kipimo hicho.

Katika miaka ya 1940 ulijengwa mtaa wa Kaloleni, wenye nyumba za familia, nafasi ya bustani na jumba la mikutano. Hilo lilikuwa badiliko kubwa, lakini nyumba zilikuwa chache kuliko watu.

Mwaka 1954 yalitukia mambo mawili ambayo hatuna budi kuyakumbuka pamoja. Tarehe 24 Aprili majeshi yalizingira Nairobi katika Operesheni Anvil. Maelfu ya wanaume wakapelekwa vizuizini, na wake na watoto wengi wakarudishwa rizavu. Mwaka huo huo Kamati ya Bw. Carpenter juu ya mishahara ya Waafrika ilitoa taarifa yake, ikasema wazi kwamba mshahara wa mtu mmoja hauwezi kujenga jamii iliyotulia, na kwamba yafaa mfanyakazi alipwe kiasi cha kumtunza mke na watoto mjini. Shauri hilo lilitekelezwa polepole na kwa sehemu tu. Mitaa mipya kama Mbotela, Ofafa na Jericho ilijengwa katika miaka hiyo ya 1950, lakini hata huko familia nyingi zilibanana katika chumba kimoja.

Vyama vya ustawi kama hiki chetu vilistawi katika hali hiyo. Mwajiri alipokana kuwa hana wajibu kwa mke mgonjwa, kwa mtoto aliyefukuzwa shule, au kwa maiti ya kusafirishwa kwao, watu wa kwao ndio waliochanga.

KIINGEREZA KUWA MALI

Inafaa sasa tueleze jinsi mwalimu wa Eastlands alivyopata bidhaa ambayo nchi za mbali zaitaka. Zamani mtoto wa Kiafrika hapa Nairobi alianza masomo yake kwa Kiswahili, na Kiingereza kilimjia baadaye. Mwaka 1957 lilianzishwa jaribio la kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, kwanza katika shule za Wahindi, kisha likaenea. Baada ya Uhuru, Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono njia hiyo. Hivyo watoto waliozaliwa Makadara, Bahati na Kaloleni walikua wakisoma hesabu, jiografia na sayansi kwa Kiingereza, na wengine wao wakawa walimu. Ndiyo sababu kijana wa leo haoni ajabu kwenda kukifundisha ng'ambo.

WALIOTANGULIA KWENDA OMAN

Wako Waafrika wa Mashariki waliotangulia kupeleka Kiingereza chao Ghuba, na habari zao ni fundisho kwetu. Baada ya Mapinduzi ya Unguja ya tarehe 12 Januari 1964, watu wengi wenye asili ya Oman walitawanyika: wengine walikuja Mombasa na Nairobi, wengine walikwenda Misri, Dubai, Kuwait na Uingereza. Wengi wao walikuwa wamesoma katika shule za Unguja zilizofundisha kwa Kiingereza, na miongoni mwao walikuwamo walimu.

Oman yenyewe wakati ule ilikuwa nyuma sana kwa elimu. Hadi mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na shule 3 tu za Serikali, zenye wanafunzi wapatao 900, wote wavulana. Tarehe 23 Julai mwaka huo Sultani Qaboos alishika utawala, akawaita Waomani walioko nchi za nje warudi kuijenga nchi. Waliotoka Afrika ya Mashariki wakaenda, wake kwa waume, pamoja na watoto wao. Wakaingia maofisini, hospitalini, katika kampuni ya mafuta na mashuleni, kwa kuwa kazi nyingi mpya zilihitaji watu wanaojua Kiingereza, nao walikuwa wachache nchini.

Haikuwa raha tupu. Wengi wao Kiarabu chao kilikuwa kigumu, au hawakukijua kabisa. Wengine walichekwa, wakaitwa Wazanjibari kana kwamba si wenyeji. Lakini neno moja liliwashika wasianguke: waliitwa pamoja na nyumba zao. Walipewa uraia, watoto wao wakapokewa katika shule mpya za Serikali, na mtu alipoacha kazi moja hakufukuzwa nchini. Kiingereza kiliwafungulia mlango wa ofisi; uraia ndio uliowapa watoto wao mahali pa kukaa. Hata leo Kiswahili chasikika Maskati, katika nyumba za wajukuu wao.

MWALIMU WA LEO

Vijana wetu wasidhani kwamba wao wanakwenda kwa njia ile ile. Mwalimu wa Kenya aenda kwa mkataba, chini ya utaratibu wa udhamini uitwao kafala. Ruhusa yake ya kukaa nchini imefungwa na kazi yake, na ruhusa ya mwenzi na watoto imefungwa na ruhusa yake. Kazi ikikoma, nyumba nzima hupewa muda mfupi tu wa kupata kazi nyingine au kufunga mizigo. Wazee waliobeba kipande wataelewa upesi jambo hili. Ni kweli kwamba mambo yamelegezwa: Qatar mwaka 2020, na Oman tangu Januari 2021, zimepunguza uwezo wa mwajiri wa kumzuia mfanyakazi asihamie kazi nyingine. Lakini mzizi wa utaratibu ungaliko.

Tena liko jambo la kuumiza moyo. Matangazo mengi ya kazi ya kufundisha Kiingereza hutaka mtu mwenye pasipoti ya Uingereza, Ireland, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand au Afrika Kusini. Kenya mara nyingi haimo. Mtu aliyesoma kwa Kiingereza tangu utoto wake, akakifundisha miaka kumi, huambiwa kwamba lugha hiyo si yake. Matokeo yake ni kwamba wengine hukubali cheo cha msaidizi wa mwalimu, kwa mshahara mdogo, ilhali wana shahada.

Na mshahara mdogo ndio unaovunja nyumba. Katika Falme za Kiarabu, kwa mfano, anayetaka kuleta familia hana budi kuwa na mshahara wa dirhamu 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na nyumba ya kukaa. Anayepata chini ya hapo huenda peke yake, akarudi kwenye ile nafasi ya kitanda ya baba yake, ingawa sasa imo ndani ya ghorofa ndefu. Na hata anayeruhusiwa kuleta watoto hukuta kwamba shule za Serikali zafundisha kwa Kiarabu, na watoto wa wageni aghalabu husoma shule za kulipia. Basi mwalimu afundishaye watoto wa wengine aweza kushindwa kuwasomesha wake mwenyewe.

SHAURI LETU

Hatuwazuii vijana. Mishahara ya huko haikatwi kodi ya mapato, na mkataba mzuri hutoa nyumba, bima ya matibabu, nauli ya kila mwaka, ada ya watoto na malipo ya mwisho wa kazi. Wako Wakenya waliosomesha ndugu na kujenga makwao kwa mikataba ya namna hiyo. Lakini twawasihi mambo manne.

Kwanza, mkataba usomwe hapa nyumbani kabla ya kutiwa sahihi, na kila ahadi iwe katika maandishi: cheo, mshahara, nyumba, ada ya watoto wangapi, na nauli ya nani. Ahadi ya mdomo haina mahakama.

Pili, mtu asikubali kusafiri kwa viza ya matembezi kwa kuambiwa kwamba kazi ataikuta mbele. Vyeti vyake navyo vithibitishwe mapema na Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wa nchi aendayo.

Tatu, aliyeajiriwa na Tume ya Kuajiri Walimu asiondoke bila ruhusa ya maandishi, maana kuitoroka kazi ni kosa la nidhamu, na siku ya kurudi ataukuta mlango umefungwa.

Nne, mwenzi wake ajue tangu mwanzo kwamba ruhusa ya kukaa si ruhusa ya kufanya kazi. Wakae wawili wapige hesabu ya mshahara mmoja, si miwili. Hesabu ikikataa, ni afadhali mmoja atangulie kwa mwaka, kwa mapatano ya wote wawili na kwa kujulisha wazee, kuliko kuwang'oa watoto shuleni na kuwarudisha kabla ya mwaka kwisha.

Na sisi Wanachama tusijidanganye kwamba wajibu wetu wakoma kwenye kiwanja cha ndege. Chama kilizaliwa kwa sababu mwajiri wa Nairobi alimtaka mtu akaikataa nyumba yake. Ikiwa mwajiri wa Ghuba atafanya vivyo hivyo, kazi yetu ni ile ile ya wazee wetu: kuandika majina ya walioondoka, kuuliza hali zao, na kuweka akiba ya kumrejesha aliyekwama. Tahadhari kabla ya hatari. Twaomba jambo hili lizungumzwe katika mkutano mkuu, na wazee waliopata kulala kitanda cha kukodi Shauri Moyo wawe wa kwanza kusema.