Pengo Ndani ya Neno: Historia Fupi ya Zoezi la Kusoma

Lengo la makala haya ni kufuatilia asili ya zoezi linalojulikana sana na walimu wa kisomo, yaani matini yenye mapengo, na kuonyesha kwa nini halihamishiki katika Kiswahili bila marekebisho.

Mbinu hiyo ilielezwa mwaka 1953 na Mmarekani Wilson L. Taylor. Yeye alikusudia kupima ugumu wa matini: neno moja liliondolewa kila baada ya idadi maalumu ya maneno, na msomaji akatakiwa kulikisia. Kazi hiyo ya kuhesabu iliifaa kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mwingereza John Higgins alitunga Storyboard, programu iliyoficha matini nzima ili mwanafunzi aijenge upya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, kikatoa Hot Potatoes, ambayo kwayo mwalimu asiye fundi wa kompyuta huweza kutengeneza mazoezi yake mwenyewe. Tangu 2009 programu hiyo hutolewa bure.

Hata hivyo, kompyuta hulitambua neno kwa nafasi tupu inayolizunguka. Katika Kiswahili, umbo *hatukuwaona* lina kikanushi, mtenda, wakati, mtendwa na mzizi. Likiondolewa, sentensi nzima imetoweka. Mtu mzima aliyeacha shamba lake ili ajifunze kusoma hukuta pengo lisilojazika, akadhani upungufu ni wa akili yake.

Katika miaka ya 1960, nchini Brazili, Paulo Freire alilikata neno *tijolo*, yaani tofali, katika silabi, na kila silabi akaiweka pamoja na jamaa zake: *ta, te, ti, to, tu*. Njia hiyo yatufaa, kwa kuwa silabi nyingi za Kiswahili huishia na irabu. Pengo na liingie ndani ya neno: *walimu __mefika*. Kiambishi kinachotakiwa mwanafunzi anacho tayari kinywani.

Lakini je, ni kipi? Mwenyeji wa Lubumbashi aweza kuandika *ba-*, kama asemavyo nyumbani. Mashine itamhukumu kuwa amekosa, isipokuwa mwalimu ameliorodhesha jibu hilo pia. Basi, kabla ya kutengeneza zoezi, yatupasa kuamua: je, twapima kusoma, au twapima Kiswahili sanifu? Uamuzi huo hauwezi kuachiwa programu.