Vigezo vya kijamii vya afya

Ni hali za maisha, kama kipato, elimu, makazi na kazi, zinazochangia kuamua nani augue na nani apone, mara nyingi kabla daktari hajahusika. Ushahidi mashuhuri ulitoka kwa watumishi wa serikali jijini London waliochunguzwa kuanzia 1967. Wote walikuwa na ajira na matibabu ya umma, lakini makarani na matarishi walikufa zaidi kwa maradhi ya moyo kuliko wakubwa wao, na sigara ilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Michael Marmot, mmoja wa watafiti waliowachunguza, aliongoza tume ya Shirika la Afya Duniani iliyotoa ripoti kuhusu vigezo hivi mwaka 2008. Mfano mwingine ni mtaa wa Kibera, Nairobi: anayenunua maji kwa mtungi wa lita 20 hulipa zaidi kwa kila lita kuliko mwenye bomba nyumbani; pesa zikipungua, kunawa mikono huweza kuachwa.