Ufuo Nyuma ya Watu

Picha nyingi za mwanzo za Kisumu hazina mawingu. Zitazame zile zilizopigwa baada ya reli kufika hapa tarehe 20 Desemba 1901, wakati mji ungali ukiitwa Port Florence: gati, mabehewa, vyuma vya meli, wanaume waliojipanga, na juu yao anga jeupe tupu. Mtu aliyekulia hapa atajua mara moja kwamba kuna kitu kimepungua. Msimu wa mvua, kuanzia saa nane mchana mawingu hupanda juu ya milima ya Nandi, na ikifika saa kumi na moja kila mtu ameshaanua nguo. Lakini sahani za kioo zilizotumiwa na wapiga picha wa enzi hizo zilishika mwanga wa buluu kupita kiasi. Anga la buluu na wingu jeupe vyote vilitoka rangi moja. Mpiga picha aliliona wingu, kioo chake hakikuliona.

Nimefanya kazi ya picha mjini Kisumu tangu siku za filamu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikitafuta jambo moja katika picha za kale: maji yalifika wapi, na nchi ilikuwaje. Ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Kamera ilikuja na reli, nayo reli ilikuwa na haja zake. William D. Young, aliyeipigia reli ya Uganda picha nyingi, alikuwa na kazi ya kuonyesha madaraja, stesheni na injini. Meli SS William Mackinnon, iliyoletwa vipande vipande na kuungwa hapa hapa, iliposhushwa majini Juni 1900, jambo la maana lilikuwa meli. Ziwa lilikuwa pahali pa kuiwekea. C. W. Hobley, afisa wa utawala aliyekaa Kisumu, alipiga picha za watu na mavazi yao. Hata Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia aliyepita Nyanza mwaka 1936, alikuja kwa ajili ya watu, koo na boma zao.

Picha za Evans-Pritchard zinatunzwa katika jumba la makumbusho la Pitt Rivers, Oxford. Mwaka 2007 zilirudishwa Nyanza kwa maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, na wazao wa waliopigwa wakapata kuwaona wazee wao. Kurudi huko ni jambo kubwa, nami sina neno la kupunguza uzito wake. Ila mimi nilipozitazama picha zile jicho lilinikimbilia nyuma ya watu: ua wa mnyaa uliozunguka boma, nyasi, kilima kwa mbali, kivuli kinachokueleza ni asubuhi au jioni. Hakuna aliyekusudia kuipiga picha nchi ile. Iliingia yenyewe kwa kuwa watu hawawezi kusimama hewani.

Ndivyo ilivyo kwa karibu picha zote za ufuo wetu kabla ya mwaka 1972. Mwaka huo setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa, na tangu hapo umbo la Ghuba ya Winam limekuwa likiandikwa kutoka juu. Kwa miaka iliyotangulia tuna vipimo vya maji, tuna kumbukumbu za wazee, na tuna mandhari iliyobanwa nyuma ya mabega ya watu.

Nyumbani kwetu kuna picha ya shangazi yangu. Ni ndogo, inaenea kiganjani, na kingo zake zimekatwa mawimbimawimbi kama desturi ya studio za zamani. Amevaa gauni la marinda, viatu amevishika mkononi, na anacheka kwa sababu maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu. Kushoto kwake kuna jiwe kubwa lenye ufa wa mshazari, na maji yanaugusa ufa huo. Mbali kidogo vichwa vya nguzo za ua wa shamba la mtu vinachungulia majini, waya ungali umefungwa. Nyuma ya picha, kwa wino wa buluu: Dunga, Juni 1964.

Hayo maneno mawili na ile namba ndiyo yaliyoitoa picha hii kwenye ukumbusho wa familia na kuifanya ushahidi. Mvua zilizoanza mwishoni mwa 1961 ziliinua Ziwa Victoria zaidi ya mita 2, na Mei 1964 kipimo cha maji cha Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.41. Wazee wengi bado wanazitaja mvua hizo kwa pumzi moja na uhuru. Shangazi alikuwa amesimama, mwezi mmoja baadaye, katika shamba lililozama.

Jiwe lile lipo. Mwaka 2006, ukame ulipokutana na maji mengi kuachiliwa kupitia mabwawa ya umeme ya Jinja, ziwa lilishuka hadi likawa takriban mita 3 chini ya kiwango cha 1964. Nililikuta jiwe liko nchi kavu kabisa, sukuma wiki imepandwa hadi kwenye shina lake, na maji yako mbali hata mtu akisimama huko humtambui sura. Nililipiga picha saa nne asubuhi, mwanga mkali, tope lililopasuka, mabaki ya neti. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akishona nyavu alinitazama kwa muda.

“Nyathina, mbona unapiga tope? Ngoja jioni jua liingie majini.”

“Mzee, nataka watu wajue ziwa liliishia wapi mwaka huu.”

Akaweka sindano chini, akanyoosha mkono. “Basi usisimame hapo. Simama huku, ndipo tulipokuwa tunaanika nyavu. Hapo ulipo palikuwa maji.”

Nikahama. Mahali aliponionyesha ndipo ninaposimama mpaka leo kila ninapolipiga jiwe lile. Mei 2020 nilishindwa kusimama hapo kwa sababu palikuwa majini. Kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, kikaipita rekodi ya 1964 kwa sentimita moja. Ufa wa jiwe ulikuwa umefunikwa. Vibanda vilizama, vyoo vilijaa, familia za Nyando na Budalang'i zilihamia mashuleni. Ukiziweka picha hizi tatu pamoja, ya shangazi, ya tope na ya mafuriko, unapata historia ambayo hakuna picha moja ingeweza kuisema, hata ingekuwa nzuri vipi.

Ninapozungumzia uaminifu katika kupiga picha za nchi, hicho ndicho ninachomaanisha kwanza: kurudi. Kuna wanaodhani uaminifu ni kutogusa rangi tu. Mimi rangi nairekebisha ifanane na nilivyoona, maana kamera nayo ina makosa yake, kama sahani za 1901 zilivyokuwa na yake. Sitoi mfuko wa plastiki uliokuwepo, siongezi wingu ambalo halikuwepo. Lakini mtu anaweza kuyatimiza hayo yote na bado akalidanganya ziwa, ikiwa kila siku anakwenda Hippo Point saa kumi na mbili na nusu jioni, akasubiri mtumbwi upite mbele ya jua, akapiga, akaenda zake. Machweo yale ni ya kweli na ni mazuri. Ghuba yetu inafunguka upande wa magharibi, jua linazama usoni pako. Ni dakika chache za siku, na Kisumu nzima imekuwa ikiuzwa nje kwa dakika hizo tangu kadi za posta.

Tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo hatuna majira ya mwanga. Jua linachomoza karibu saa ile ile mwaka mzima. Majira yetu ni ya maji na vumbi. Januari na Februari, wakati wa oro, yaani kiangazi, vumbi la uwanda wa Kano na moshi wa mashamba ya miwa huko Miwani na Chemelil vinalifuta ukuta wa Nandi. Ikifika saa sita mchana hakuna mlima. Wenzangu hukaa nyumbani siku hizo. Mimi hutoka, kwa kuwa utupu ule ndio Januari yenyewe. Machi kuelekea Mei ndiyo chwiri, mvua kubwa. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu na kurundika mawingu juu ya Nandi na Kericho. Usiku upepo hugeuka, na radi huhamia ziwani, ukaisikia hadi karibu na alfajiri. Mvua ikishanyesha milima husogea karibu, unaweza kuhesabu mikunjo yake. Mto Nyando nao hushusha udongo wa watu wa juu, na kwenye ghuba hutokea mpaka, maji ya kahawia upande huu na ya kijanikijivu upande ule, yasichanganyike kwa muda. Picha ya mpaka huo haitundikwi sebuleni na mtu yeyote. Ninayo ya miaka mingi, na naithamini kuliko machweo yangu yote.

Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena, yaani dagaa, hufungwa, na zile neti za kuanikia hutoweka ufuoni. Zikirudi Agosti, fedha ya omena inayometa juani hubadilisha hata mwanga wa usoni mwa wanaoanua. Opon, mvua fupi za mwisho wa mwaka, sina mengi ya kuzieleza. Zinakuja kwa haraka na mara nyingi hazitabiriki.

Kisha kuna magugu maji. Yaliingia upande wetu wa ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwishoni mwa 1998 yalikuwa yamefunika hekta zipatazo 17,000 za ghuba. Meli na mitumbwi zilikwama. Watu walitembea hatua kadhaa juu yake wakitafuta kamba za boti zao. Wadudu wa kula majani yake waliachiliwa miaka hiyo, na baadaye sehemu kubwa ilioza na kuzama, ikarudi tena baada ya mvua za 2006. Hoteli moja mjini iliwahi kuniagiza picha za ziwa kwa kalenda, kwa sharti kwamba gugu lisionekane. Niliwajibu kwamba naweza kuwapigia maji yaliyo wazi, ikiwa watakubali niandike saa na tarehe chini ya kila picha. Hawakukubali.

Niliweka sharti hilo kwa sababu gugu linatembea. Asubuhi ya saa moja upepo wa nchi kavu huwa umelisukuma nje, na bandari inaonekana safi. Saa kumi jioni upepo wa ziwa umelirudisha lote hadi kwenye ngazi. Picha mbili za siku moja, mahali pamoja, zinaweza kupingana, na zote mbili ni za kweli. Tena gugu lina hila nyingine: linachanua. Ua lake ni la zambarau laini lenye jicho la manjano, na ukipiga kwa lenzi ya karibu utapata picha ambayo mgeni ataipenda kwa moyo wote. Nimepiga maua hayo. Lakini siku niliyoyapiga nilirudi nyuma hatua ishirini nikapiga tena, ili wanawake waliokuwa wakivuta mtumbwi katikati yake waingie, na picha hizo mbili hazitoki kwangu zikiwa zimetengana.

Siku hizi kazi inayonipa riziki zaidi studioni ni ya matanga. Familia inakuja na picha ya zamani ya marehemu, mara nyingi amesimama na wenzake ufuoni, au kwenye gati la Homa Bay, au mbele ya mashua huko Usenge. Wanataka sura tu, ikatwe, iwekwe juu ya anga la buluu lenye mawingu ya kompyuta kwa ajili ya kijitabu cha mazishi. Hiyo ni haki yao, na naifanya kwa heshima. Lakini kila mara mkasi unapopita, ufuo ndio unaotupwa. Mafunjo ya Dunga ambayo sasa yamepungua, mstari wa maji, mti uliokufa, vyote vinakwenda na pembe za picha.

Kwa hiyo kabla ya kukata huomba ruhusa kuiskani nzima, mbele na nyuma, hata kama nyuma hakuna neno. Kisha nauliza maswali matatu: ni wapi, ni mwaka gani, ulikuwa msimu wa mvua au kiangazi? Wengi hawajui la pili. La tatu karibu wote wanaweza kulijibu, kwa kutazama miguu ya waliosimama, kama ina tope au vumbi. Mwezi uliopita mama mmoja alileta picha ya baba yake akiwa kijana, maji yamemfika magotini, na nyuma yake ua wa nguzo unazama. Aliniambia ni Nyakach, lakini mwaka haujui. Nimemwomba aulize kwao ua ule ulikuwa wa nani.