Mfupa wa Ishango

Vijana wenzangu, sisi wa Kivu tukisikia neno historia tunawaza vita tu. Lakini kwetu kuna historia ya miaka kama 20,000.

Mwaka 1950 mwanajiolojia Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alikuwa anachimba Ishango, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Akakuta mabaki ya samaki, vyusa vya kuvulia, na mfupa mdogo wa sentimita kama 10 wenye safu tatu za alama zilizochanjwa. Jumlisha alama: safu mbili zinatoa 60 kila moja, ya tatu 48. Wengine wanasema ni hesabu, wengine kalenda ya mwezi, wengine eti ni ili mkono usiteleze. Ubishi haujaisha.

Leo mfupa huo uko Brussels, kwenye makumbusho ya sayansi asilia. Uko mbali na kwao, lakini kila ukitajwa, Ishango inatajwa. Kwa nini? Kwa sababu mchimbaji aliandika ulitoka wapi, tabaka gani la udongo. Mwanzoni ulidhaniwa si wa kale hivyo. Tabaka lilipopimwa upya, umri ukapanda. Bila maandishi yale, ungekuwa mfupa tu.

Hapa Kampala tunaulizwa kwenye kila fomu tumetoka wapi, mpaka tunachoka. Ila wazee wetu wanajua majina ya vijiji, mito na mitego ambayo hakuna fomu inayoyauliza. Tuwaulize sisi, tuandike na mahali na mwaka, wangali nasi.

Wewe utaanza na nani?