Kipande tambarare cha mfereji

Kipande tambarare ni sehemu ya mfereji wa vyombo vya majini iliyo kati ya lango moja la maji na jingine, ambamo maji hukaa katika kimo kimoja. Urefu wake hufuata ardhi. Katika Mfereji wa Midi, kusini mwa Ufaransa, uliokamilika mwaka 1681, kuna kipande cha kilomita 54 hivi bila lango hata moja; kinaishia Fonserannes, ambako vyumba vya malango vimepandana kama ngazi. Vipande vifupi ni vyepesi kuharibika: kilango cha kupitishia maji kikisahauliwa wazi usiku, asubuhi mashua hukutwa zimekaa topeni.

Kipande cha kileleni ndicho chenye kazi. Kila chombo kinachoteremka huondoka na maji ya chumba kizima, tena huko maji hupotea pande zote mbili. Pierre-Paul Riquet, mjenzi wa Mfereji wa Midi, alikusanya vijito vya milima ya Montagne Noire, akajenga bwawa la Saint-Ferréol na kuyafikisha maji kwenye kilele cha mfereji huko Naurouze, mita 189 hivi juu ya usawa wa bahari. Wageni husifu malango, lakini ustadi mkubwa zaidi uko hapo.