Malcolm: Miaka 40 ya Fundi wa Tramu Aliyeingia Wizi bila Tamaa

Mwaka 2026 filamu ya Malcolm, iliyotoka nchini Australia mwaka 1986, inatimiza miaka 40, nayo ni miongoni mwa filamu bora za vichekesho vya uhalifu, yaani filamu ambazo wizi na ujambazi husimuliwa kwa namna ya kuchekesha, zilizowahi kutengenezwa nchini humo. Mwaka huohuo ndio uliozaa Crocodile Dundee, hadithi ya mwindaji wa mamba iliyoenea dunia nzima na kuwafanya wageni waione Australia kama nchi ya nyika, kisu na kofia pana, ilhali Waaustralia walio wengi waliishi mijini, kama wanavyoishi hadi leo. Malcolm ni filamu ya mji, na mji huo ni Melbourne.

Ilitengenezwa katika muongo ambao sinema ya Australia ilifurika fedha, kwa kuwa tangu mwaka 1981 serikali iliwapa wawekezaji wa filamu nafuu kubwa ya kodi, ingawa nafuu hiyo ilikwisha kupunguzwa Malcolm ilipoanza kupigwa. Walioitengeneza ni Nadia Tass, mzaliwa wa Ugiriki aliyekulia Australia na ambaye hakuwa amewahi kuongoza filamu ndefu, pamoja na mumewe David Parker, aliyeandika muswada na kushika kamera. Kwa simulizi za wawili hao, mhusika mkuu alichorwa kutokana na ndugu wa kiume wa Tass, kijana mpole na mwenye kipaji cha ufundi aliyekuwa amekwisha kufariki, na hapo ndipo ilipo siri ya huruma inayoitawala filamu hii, kwani anayesimuliwa si kituko cha kuchekwa bali ni mtu aliyependwa nyumbani kwao.

Malcolm, anayeigizwa na Colin Friels, ni mfanyakazi mwenye haya wa mamlaka ya usafiri ya Melbourne anayeelewa mashine kuliko anavyoelewa watu, na anafukuzwa kazi baada ya kujiundia tramu yake ndogo, yaani gari la abiria linalotembea juu ya reli zilizolazwa barabarani, na kuiendesha katika njia za mji. Kwa kuwa mama yake amefariki na fedha zimemwishia, anampangisha chumba Frank, mwizi aliyetoka gerezani, ambaye anaigizwa na John Hargreaves, naye Frank anahamia na mpenzi wake Judith, anayeigizwa na Lindy Davies. Frank anapogundua kwamba mwenye nyumba wake anaweza kuunda karibu chochote, wizi unazaliwa, lakini kwa Malcolm wizi huo ni fumbo la kiufundi tu, wala hakuna mahali anapoonekana kuzitamani fedha zenyewe.

Vifaa vinavyotumika ndivyo vilivyowavuta watazamaji zaidi ya jambo lolote jingine, na Parker, aliyevibuni, anastahili sifa kwa kila kimoja. Limo gari dogo la Honda linalopasuka katikati kwa urefu, kila nusu ikakimbia njia yake na dereva wake. Kipo kigari cha kuchezea chenye bunduki kinachoongozwa kwa rimoti. Na katika wizi mkubwa wa mwisho yapo mapipa ya taka yanayotembea yenyewe na kuivamia benki. Mtazamaji haonyeshwi uchawi wa kompyuta, kwa maana vitu hivyo viliundwa kweli na kutembea mbele ya kamera, na macho huutambua uzito wa chuma halisi hata pale akili inapokataa kuamini. Muziki wa Penguin Cafe Orchestra, kundi la Mwingereza Simon Jeffes, unaisindikiza mitambo hiyo kwa wepesi wa mchezo wa watoto, ukiwamo wimbo ambao Jeffes aliutunga kwa kinanda alichokiokota mtaani Kyoto, Japani.

Tramu hazikuwekwa katika hadithi kama pambo. Sydney ilizifuta mwaka 1961 na Brisbane mwaka 1969, lakini Melbourne ilizishikilia, kwa sehemu kubwa kutokana na ukaidi wa Robert Risson, mwenyekiti wa bodi ya tramu, aliyepinga waliotaka reli zing'olewe ili magari yapite. Wenyeji wakaziona kuwa mali yao, na jambo hilo lilidhihirika miaka minne tu baada ya filamu, pale serikali ya jimbo la Victoria chini ya John Cain ilipotaka kuwaondoa makondakta na kuleta tiketi za kukwangua. Wafanyakazi walikataa, wakaendelea kuendesha tramu na kubeba abiria bila kuwatoza nauli, na serikali ilipokata umeme mwanzoni mwa Januari 1990, mitaa ya katikati ya mji ilibaki kwa zaidi ya mwezi mmoja imejaa safu za tramu zilizosimama. Makondakta walishinda kwa muda, lakini mwaka 1998 waliondolewa kabisa, na uamuzi huo uliunyima mji watu walioujua kwa sura na kwa sauti. Anayeitazama Malcolm leo anauona mji huo kabla ya hasara hiyo.

Katika tuzo za Taasisi ya Filamu ya Australia za mwaka 1986, Malcolm ilipata nane, zikiwamo za filamu bora, mwongozaji bora na mwigizaji bora wa kiume. Tass na Parker waliendelea na Rikky and Pete mwaka 1988 na The Big Steal mwaka 1990, Hargreaves akafariki mwaka 1996, na Jeffes mwaka uliofuata.

Ni aibu kwamba sinema ya Australia inapotajwa ughaibuni, filamu hii hutajwa mwishoni, kama inatajwa. Wenye kumbi na waandaaji wa matamasha wanapaswa kuirudisha kwenye skrini kubwa katika mwaka huu wa 40, kwa kuwa kwa ubunifu na kwa utu inaizidi Crocodile Dundee kwa mbali.